Walivyomkumbatia Kowalczyk

Siku ya mwisho ya klabu kubadilishana wachezaji, Kocha Brannigan alimtoa Kowalczyk katikati ya mchezo. Benchi zima lilipigwa na butwaa. Kwenye besiboli kila mtu anajua maana yake: mchezaji asiye na jeraha akitolewa ghafla siku hiyo, ameshahamishiwa klabu nyingine.

Tukainuka kumkumbatia, na mashabiki wakasimama kumpigia makofi. Kowalczyk ndiye aliyenipokea nilipotoka chuo kikuu, na kwa ajili yake nilitamani kuichezea timu hii maisha yangu yote.

"Wamekupeleka wapi, kaka?"

"Sijui, dogo. Mimi goti tu linaniuma."

Nilidhani ananificha. Nikamng'ang'ania shingoni nikilia. "Sasa nani atanifundisha?"

"Kwanza acha kunipaka makamasi."

Kocha akaja na simu mkononi, uso umempauka. "Mwacheni huyo, jamani. Nimempumzisha goti."

Kicheko kilianza kikakatika, maana kocha alikuwa akinitazama mimi.

"Whitlock, mwanangu, ni wewe. Wamepiga simu sasa hivi. Kesho unaripoti kwenye timu ya Seattle."

Nilitaka kuuliza kama wamekosea jina. Mikono yangu ikalegea shingoni mwa Kowalczyk. Yeye hakuniachia.

"Leo unakula kwangu kwanza," akasema. "Na haya makofi ni yako."

Akanitoa nje ya benchi, akanigeuza niwaelekee mashabiki, akauinua mkono wangu juu. Hapo ndipo uwanja mzima ulipoelewa ni nani anayeondoka, na makofi yakakatika.