Mzee Aliyekufa kwa Ugonjwa wa Vijana

Saa tatu asubuhi moyo wa marehemu uliwekwa kwenye mizani, ikasoma gramu mia sita na ushei. Daktari wa chumba cha maiti aliutoa, akaifuta mizani, akaupima tena. Haukupungua.

Marehemu alikuwa mzee wa miaka sabini na mmoja, aliyeanguka akifunga kamba za viatu. Mwanamume wa umri huo akidondoka ghafla, mara nyingi kosa ni la mishipa inayoulisha moyo: imejaa mafuta, imeziba. Daktari alikuwa ameshaitunga sentensi hiyo kichwani kabla hajashika kisu. Ilibidi aifute. Mishipa ya mzee ilipitika vizuri kuliko mabomba ya hospitali. Tatizo lilikuwa ukuta wa katikati ya moyo, ulionenepa mara mbili na zaidi ya kawaida. Ugonjwa huo hutajwa zaidi kwa vijana, hasa wanaoanguka uwanjani wakiwa hawajui kuwa wanao. Nao hupita katika damu: kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata.

Watoto walikuwa wanne. Daktari alivua glovu, akawaita ofisini juu.

Walipanda na mama yao: wana watatu mbele mikono mitupu, na nyuma yao dada yao, mwalimu wa michezo, amebeba kiti cha mama, mkoba wa mama na makoti ya kaka zake.

"Mzee wenu," Daktari alisema, "amekufa kwa ugonjwa ambao mara nyingi tunaukuta kwa vijana."

Kisha mjane akapiga kofi paja lake.

"Nami nilikuwa namcheka! Miaka nenda rudi ananiambia yeye bado kijana, namjibu toka hapa na magoti yako hayo. Kumbe!"

"Mama, sikusema alikuwa kijana. Nimesema kwamba..."

"Andika hivyo hivyo, Daktari," alisema kaka mkubwa, fundi wa vioo, mtu wa makamo mwenye kitambi cha kutosha. "Jirani yetu alikufa kwa mishipa akiwa na miaka hamsini. Ugonjwa wa kizee kabisa! Ukoo wake mzima ulifunga mdomo kwa aibu."

Daktari aliwaeleza polepole kwamba mmoja wao, au zaidi, huenda anao, na kwamba mwenye nao anaweza kuanguka akikimbia na asiamke. Walimwelewa vizuri sana. Hilo ndilo lililomshangaza. Wana watatu walianza kutazamana kama watu waliobakiziwa kipande kimoja cha nyama.

"Mimi ndiye niliyechukua sura yake," alisema wa pili.

"Sura tu," alisema kitinda mimba. "Kijana hapa ni nani?"

"Mkubwa ni mimi," alisema mkubwa, akadhani amemaliza.

Dada yao alikuwa bado anahema.

"Unahema hivyo siku zote?" Daktari alimuuliza.

"Ngazi zenu ndefu."

"Umewahi kuzimia?"

"Mara mbili, uwanjani. Jua lilikuwa kali."

"Jumamosi anakimbia mbio za walimu," mama yake alisema kwa fahari.

"Asikimbie kabla hajapimwa."

"Daktari, nimefanya mazoezi miezi miwili!"

"Huyo mwache tu," alisema kaka mkubwa. "Moyo wa baba uende kwa mwanamke?"

"Wanawake hufa ghafla kwa moyo mara chache kuliko wanaume," Daktari alisema. "Basi watu husahau kuwapima. Ijumaa mje wote wanne."

Ijumaa walikuja. Mtaani habari ilikuwa imeshaenea, na wazee wawili wa jirani walikuwa wamefuatana nao kuomba wapimwe kama na wao wana ugonjwa wa vijana. Walirudishwa. Mtoto wa pili alikutwa akipanda na kushuka ngazi mbio ili, kwa maneno yake, ukuta upate kunenepa kidogo. Daktari alimshika shati, akamketisha.

Mpimaji alipitisha kifaa kifuani kwa kila mmoja, Daktari mwenyewe akisimama mbele ya skrini.

Kitinda mimba: ukuta wa kawaida. Akaomba upimwe upande wa pili. Wa pili: wa kawaida. Akageukia ukutani.

Kaka mkubwa alilala kitandani kama anayesubiri kuvishwa taji.

"Ukuta wako hauna neno," Daktari alimwambia. "Lakini presha yako iko juu, na mafuta kwenye damu yamepita kiasi. Wa kuchunguzwa mishipa ni wewe."

"Mishipa? Kama jirani?"

"Kama jirani."

"Hii ni siri yetu, Daktari," alinong'ona, huku mama yake akisikia kila neno.

Dada alikuwa wa mwisho. Ilibidi kwanza atue makoti. Mpimaji alipima, akapima tena. Ukuta wa katikati ulikuwa mara mbili ya kawaida.

"Rudia," alisema kaka mkubwa. "Mashine imechoka."

Walirudia. Haukupungua.

"Haya basi," alisema mjane. Alikuwa ameinuka kitini. "Aliyerithi moyo wa baba ni huyu. Hamna haya? Chukueni makoti yenu."

Mwalimu wa michezo hakucheka. "Kwa hiyo kesho?"

"Kesho hukimbii," Daktari alisema. "Wala keshokutwa. Kuna dawa, na kuna kifaa kidogo kinachoweza kupandikizwa kifuani, kikaushtua moyo ukienda kombo. Mtaalamu wa moyo atakuona Jumatatu."

"Na leo nifanye nini?"

"Leo shuka kwa lifti."

Jumamosi, kabla ya mbio za walimu, kiti cha mama kililetwa uwanjani. Alikibeba kaka mkubwa, aliyesimama mara mbili njiani kuvuta pumzi, na mara zote mbili Daktari, aliyekuwa akifuatana nao, alimhesabia mapigo mkononi. Mwalimu wa michezo aliketi penye mstari wa kuanzia. Walimu wenzake waliinama mstarini, tayari kukimbia. Alitia filimbi mdomoni, akapuliza.