Nusu ya Maji

Wanangu wawili waligawana nyumba ya marehemu baba yao, likabaki bwawa la kuogelea. Hawasemezani, wajukuu wangu hukutana majini tu. Mkubwa akatia dawa ya kuzuia jua lisiimalize klorini. Mdogo, bila kuuliza, akatia tena. Dawa hiyo ikizidi, klorini haifanyi kazi, na maji yakawa kijani.

Fundi akapima. "Mwageni nusu, mjaze maji mapya."

"Nusu ya nani?" akauliza mkubwa.

"Yako! Si ndiwe uliyeanza?"

"Kwangu halitoki hata tone, mchawi wewe!"

"Haya, leteni kisu myakate," nikasema.

"Mama, usiingilie!" wakanijibu pamoja.

Asubuhi bwawa lilikuwa kavu. Kila mmoja alikuwa amewasha pampu upande wa mwenzake. Wajukuu wakasimama ukingoni na taulo zao, kila mtoto upande wa baba yake.