Namba ya Ukutani

"Tia sahihi tu, mama," meneja alisema, akimsukumia karatasi. "Ni utaratibu."

Cherehani hakutia. Wenzake pale kwenye kiwanda cha kufulia nguo walimpachika jina hilo kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika, lakini asubuhi hiyo alisoma kimya, mstari kwa mstari. "Mfanyakazi alichelewa kupiga simu ya dharura." Mfanyakazi huyo ni yeye. Jana rola za mashine ya kupigia pasi mashuka zilimvuta wifi yake mkono hadi kiwiko, na jioni madaktari wakaukata.

"Nilipiga mara sita," alisema.

"Ulipiga wapi?"

"Namba ile." Alinyoosha kidole kwenye bango jekundu juu ya mashine. "Ile uliyotukaririsha siku ya kwanza kama watoto wa chekechea."

"Bango lilikuja na mashine. Wakaguzi wanaliona kila mwaka, hawajawahi kulalamika."

"Wanaliona, sawa. Nani amewahi kuipiga hiyo namba? Toa simu yako, bosi. Piga, weka sauti kubwa."

Meneja alicheka kidogo, akatafuta wa kucheka naye. Wafuaji walikuwa wamezima mashine, mikono kiunoni. Akapiga.

Sauti ya kurekodiwa ikajibu: "Namba unayopiga haipo."

"Mtandao huo," alisema, jasho likimtoka.

"Mtandao gani? Piga tena."

Akapiga tena. Haipo. Dereva wa gari la mashuka, ambaye ndiye aliyemkimbiza majeruhi hospitali jana aliporudi kutoka safari yake, alikohoa mlangoni.

"Hiyo ni ya huko mashine ilikotengenezwa, bosi. Ukiipiga kwao, wanakuja mbio. Hapa unapigia hewa."

Meneja alilitazama bango kana kwamba limemtukana. "Sasa yetu ni ipi?"

Cherehani aliivuta karatasi karibu.

"Swali hilo nililiuliza jana humu humu, nimempakata wifi yangu, nusu saa nzima. Wewe ukanijibu nisome ukutani."

Akaigeuza karatasi upande mweupe, akaandika kwa herufi kubwa: TULIPEWA NAMBA YA NCHI ZA WATU. Akatia sahihi, akampa kalamu aliyekuwa karibu naye. Huyo akampa mwingine. Kalamu ilipomfikia dereva, meneja alikuwa bado anasubiri kuambiwa namba ya hapa ni ipi, na hakuna aliyeona haraka ya kumwambia.