Ukuta wa Msimu Ujao

Siku ya tatu ya Ramadhani, mwaka 2008, Nassor, nahodha mpya, alikaa kwenye ngazi za zege kando ya uwanja wa chuo cha Wachina alikosoma, daftari gotini, akijaribu kupanga mabeki wa msimu ujao. Alikuwa na nafasi tano za kujaza, kipa na mabeki wanne, na hali, tuseme bila kumung'unya maneno, ilikuwa mbaya.

Golini alikuwepo Kasmir, jamaa mrefu wa Tanga aliyesomea famasia, lakini krosi ikipigwa alifumba macho kama mtu aliyeingiwa na sabuni. Namba mbili ilikuwa ya Wekesa, Mkenya wa Bungoma, na goti la Wekesa lilikuwa limefungwa bandeji tangu Mei. Namba tatu alikuwa Ghalib, nahodha wa zamani, ambaye alichukua shahada yake mwezi Juni akarudi Dar kuuza vigae. Namba nne alikuwa Nassor mwenyewe, na alijijua: mbio hana, bidii anayo. Ukiondoa hao, ukuta mzima wa timu ya wanafunzi wa kigeni ulibaki kwa mtu mmoja, namba tano, Christophe wa Lubumbashi.

Na huyo hakuwa mtu wa mchezo. Msimu uliopita walifungwa mabao sita tu katika mechi kumi na moja, na manne kati ya hayo yaliingia siku Christophe alipokuwa na homa. Hakuwa na mwili mkubwa wala maneno makali. Alijua tu mpira utakwenda wapi kabla mpigaji mwenyewe hajaamua. Yeye ndiye aliyeleta mtindo wa kamba: alichukua kamba ya nailoni ya kufungia marobota, akawafunga mabeki wanne kiunoni, mita nane kati ya mtu na mtu, wakakimbia hivyo jioni nzima, mmoja akichelewa wote chini. Wachina waliokuwa wakizunguka uwanja kwa mazoezi yao walisimama kupiga picha na kucheka. Lakini kufika Novemba mabeki wale walisogea pamoja hata bila kamba.

Msimu huu mambo yangekuwa magumu zaidi, maana timu mbili za mwisho zingetolewa kwenye ligi, na timu ikitolewa, chuo kingeipa timu nyingine saa zake za uwanja. Kwa watu waliosubiri wiki nzima hizo saa mbili za kuitana kwa majina ya nyumbani, hilo halikuwa jambo dogo. Nassor akaandika jina la Christophe kabla ya mengine yote, akalipigia mstari.

Kesho yake fomu ya ligi ikaja kutoka ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kuijaza ni kazi ya nahodha: jina, namba ya pasipoti, simu, mahali mchezaji anapoishi. Sasa hapa pana jambo ambalo kila Mwafrika wa chuo kile alilijua. Wanafunzi wengi walikuwa wakipanga vyumba mtaa wa Xiaobei, karibu na ndugu zao wafanyabiashara, wala hawakujiandikisha polisi, kwa sababu mwenye nyumba hataki kodi yake ijulikane. Kitanda cha bwenini walikiacha kitupu. Kiangazi hicho cha Olimpiki, polisi walipoanza kusimamisha watu kwenye daraja la waendao kwa miguu na kudai pasipoti, karibu wote walirudi bwenini. Christophe hakurudi. Dada yake Albertine, mnunuzi wa viatu, alikuwa na kisukari, na Christophe hakutaka dada yake alale peke yake. Kwenye fomu mtu kama huyo unamwandikia bweni, chumba namba fulani, basi, yamekwisha. Hata Mwalimu Liang, mama wa ofisini aliyewasimamia, alijua. Ila alijua kama anavyojua mtu ambaye hajaona maandishi.

Ghalib alijaza hivyo miaka mitatu bila kufikiri, na alipoondoka hakumwachia Nassor agizo lolote. Nani humkumbusha mtu mzima kufunga mlango?

Lakini Nassor naye alikuwa na yake moyoni. Wekesa alipoumia goti, bima ya ligi ilimkataa, kwa sababu namba ya pasipoti ilikosewa tarakimu moja na anwani ilikuwa ya chumba ambamo hajalala hata siku moja. Siku tisa alichechemea kabla daktari hajamgusa. Nassor akaapa kwamba beki wake hataachwa tena namna ile. Baba yake alikuwa karani wa mahakama Unguja, na tangu utotoni alisikia jinsi karatasi iliyojazwa sawasawa inavyomwokoa mtu. Basi akajifungia chumbani mchana kutwa na swaumu yake, akajaza majina ya watu kumi na wanane kwa mwandiko wa kupendeza. Alipofika kwa Christophe aliandika jengo, ghorofa na namba ya chumba cha Albertine, Xiaobei. Chini kabisa akaandika jina lake, nahodha, akatia saini. Alijisikia vizuri. Jamani, alijisikia vizuri sana.

Zikapita siku kama kumi. Jioni moja Christophe alikuja mazoezini amevaa kandambili.

"Capitaine, leo sichezi," alisema.

"Umeumia?"

"Hapana. Bapolisi balifika kwa dada jana, nikiwa huku na ninyi. Balikuwa na adresse yote, mpaka étage na namba ya chumba. Leo ofisi imeniita. Visa banakatala kuongeza. Siku kumi, nitoke."

Wekesa, aliyekuwa akifunga bandeji yake upya, aliiacha ikaning'inia. "Maze, nani amekuchoma kwa polisi?"

"Ni ule mama wa chini, mwenye kuuza betri. Tangu zamani hanipendi."

Nassor aliiona ile karatasi mbele ya macho yake, mstari kwa mstari, na mwandiko ulikuwa wake. Wenzake walikuwa wamemzunguka Christophe, huyu anamshika bega, yule anatukana mama wa betri ambaye masikini hakuwa na habari. Ilikuwa nafasi ya kusema. Badala yake akapuliza filimbi, akawaambia waanze kukimbia.

Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Mwalimu Liang.

"Laoshi, mwalimu wangu, nilikosea kwenye fomu," alisema kwa heshima zote. "Christophe anaishi bwenini."

Mwalimu Liang akafungua droo, akaitoa fomu, akailaza mezani katikati yao. "Mwandiko mzuri huu," alisema. "Kila mwaka nawaomba wenzako waandike hivi. Mwaka huu polisi nao wanachukua nakala."

"Lakini nilikosea."

"Basi andika barua. Sema ulidanganya kwenye fomu ya chuo, utie saini, mimi nitaipeleka. Huenda ikamsaidia, huenda isimsaidie. Wewe itakuharibia, hilo nakwambia mapema. Viza yako nayo bado iko kwenye foleni."

Hakuwa mama mbaya. Alimpa karatasi na kalamu, kisha akageuza kiti akatazama dirishani ili mtu apate faragha na karatasi yake. Nassor aliandika tarehe. Akaandika jina lake kamili. Halafu akafikiria mwaka mmoja uliobaki, uhandisi wa ujenzi, baba yake akimsubiri kwenye uwanja wa ndege Kisauni na kundi la watu wa mtaani. Kalamu ikakaa hewani. Akaiweka chini taratibu, ili isitoe sauti.

"Meiyou banfa," alisema Mwalimu Liang bila kugeuka. Hakuna la kufanya. Nassor alikuwa amewasikia wenye maduka wa soko la Zhanxi wakiyasema maneno hayo mara mia, wala hayakuwahi kumuuma hadi siku hiyo.

Ingependeza kusema kwamba alirudi kesho yake. Hakurudi. Alifunga, alisali, alisimamia mazoezi, na kila alipoonana na Christophe alimuuliza kama amepata kilo za kutosha za mizigo. Usiku usingizi haukumjia, na daku aliiacha sahanini. Alijichukia, tena alijichukia kwa haki, lakini kujichukia hakumrefushii mtu viza.

Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, siku moja kabla ya safari, Albertine alimwita kufuturu. Albertine alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa, lakini tangu mwezi uanze alijifunza kumtangulizia Nassor tende tatu kwenye kisahani na glasi ya maji, ndipo alete bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo. Masanduku mawili yalikuwa yamesimama mlangoni. Walikula watu watatu, na mwenye furaha pekee alikuwa yule anayefukuzwa.

Baada ya chakula Christophe alitandaza vizibo vya soda mezani.

"Tuone défense yetu," alisema, kana kwamba angekuwepo. "Wekesa asipande mbele tena. Goti ikipona, asipande vilevile. Kasmir abaki kwa mustari, krosi akuachie wewe. Kwa tatu weka mutu yeyote wa mbio." Alishika kizibo cha mwisho, akakizungusha vidoleni. "Kwa tano, sijui. Mutafungwa mingi, capitaine. Sitaki kukudanganya."

"Najua," alisema Nassor.

"Na wewe uko beki muzuri, lakini uko na kosa moja. Unaona mutu anapita nyuma ya mwenzako, na unanyamaza. Mbona unanyamaza? Sema! Hata kama umechelewa, sema."

Nassor akamtazama rafiki yake usoni. "Christophe," aliita.

"Nini?"

Dada mtu aliacha kufuta meza. Kitambaa kilitulia mkononi mwake.

"Ukifika salama utupigie," alisema Nassor.

Albertine akaendelea kufuta.

Ilipofika saa mbili Nassor aliaga. Walikumbatiana mlangoni, Christophe akampiga mgongoni kwa kiganja kama afanyavyo kabla ya kona, kisha akarudi ndani kufunga masanduku. Albertine alimsindikiza mgeni hadi kwenye ngazi, akauvuta mlango nyuma yake.

"Bapolisi balinionyesha karatasi," alisema kwa sauti ya chini. "Chini yake iko jina yako."

Nassor akashika ukingo wa ngazi. "Dada, nilidhani namkinga. Wallahi, kwa ajili ya bima, kwa ajili ya goti la Wekesa..."

"Najua. Wewe si mutu mubaya. Njo maana sikumwambia. Anapoteza masomo, ananiacha mimi hapa, nikasema basi asipoteze na rafiki. Nilisema rafiki atakuja mwenyewe aseme." Hakuwa analia wala hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. "Siku kumi nilikungoja, Nassor. Na leo nilipika ili useme."

Albertine alimngoja hata hapo, kitambo kizima, mkono kwenye kitasa. Kisha akaingia.

"Capitaine ameshaenda?" sauti ya Christophe ikauliza kutoka chumbani.

"Ameshaenda," akajibu dada yake, akafunga mlango.