Suti ya Mwenye Bucha

Mwenye bucha alikuwa mtu wa miraba minne. Akisimama nyuma ya kaunta na shoka mkononi, hakuna mteja aliyebishana naye habari ya mfupa. Lakini jioni, akishaoga na kuondoa harufu ya mafuta, aliketi kwenye meza ya chakula, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kuunganisha vipande vya vitambaa: chekundu kando ya cha buluu, chenye maua kando ya chenye mistari. Ugonjwa huo, kama mkewe alivyouita, ulimpata alipoteguka mgongo akalala kitandani mwezi mzima. Mgongo ulipona, viraka vikabaki. Sasa kila kitanda ndani ya nyumba kilikuwa na blanketi la viraka, kochi lilikuwa na lake, na juzijuzi hata mtungi wa gesi ulishonewa koti.

Mkewe alikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja kubwa, yenye zulia na kiyoyozi. Huko hakuna aliyejua. Bucha yenyewe ilimchukua muda kuitafutia jina la heshima, siku hizi alisema mume wake "yuko kwenye sekta ya mifugo." Lakini viraka? Neno lenyewe lilinuka ufukara. Angetamkaje mbele za watu kwamba mume wake anashinda na viraka, si wangempitishia bakuli la mchango?

Yalipokaribia mapumziko ya mwisho wa mwaka, chumba cha chai hakikuwa na habari nyingine ila zawadi za waume. Aliyeongoza ni mhasibu, mwanamke waliyembandika jina la Mama Lebo, kwa sababu akikukumbatia kukusalimu, mkono wake ulipita nyuma ya shingo yako kukagua blauzi yako imetoka wapi.

"Wangu namnunulia saa," alitangaza. "Hata ukizama nayo baharini inakuonyesha umefika kina gani."

"Kumbe shemeji anapiga mbizi?" aliuliza dada wa mapokezi.

"Hata kuogelea hajui. Ila watu wataiona." Kisha akamgeukia Katibu. "Na wewe, mwenzetu? Shemeji yetu anapenda nini hasa?"

Katibu alikuwa na uongo tayari mdomoni, lakini chai ya moto ikauchanganya, kikamponyoka kipande cha ukweli.

"Anapenda... vitambaa."

Mama Lebo aliweka kikombe chini polepole.

"Vitambaa vya suti! Jamani, mmesikia? Wetu sisi wanabeba suti zilizokwisha kushonwa, kama viazi vya gunia. Wa mwenzetu anaanzia kwenye kitambaa!"

Hapo Katibu angeweza kusahihisha. Badala yake aliinua kikombe akanywa, na kile kimya chake kikawa kiapo. Jioni hiyo hiyo Mama Lebo na dada wa mapokezi walimsindikiza dukani, mmoja huku na mmoja kule, kama bibi harusi anayeogopwa asitoroke.

Duka la vitambaa vya suti lilikuwa na utulivu wa hospitali. Muuzaji, futi ya kupimia shingoni, aliuliza kwa sauti ya chini, "Mzee ana umbo gani?"

"La ng'ombe," Katibu alijibu, akajing'ata ulimi. "Nina maana, ana nguvu."

Walimteremshia sufu ya kijivu, laini kama sikio la mtoto. Katibu alipoipapasa alijifariji: kwani hiki si kitambaa? Anapenda vitambaa, nampelekea kitambaa. Akiishonesha suti, akaja nayo kwenye hafla ya ofisi, kosa langu liko wapi?

Asubuhi ya sikukuu mwenye bucha alifungua furushi, akasita. Aliufuta mkono wake kwenye suruali kabla ya kugusa. Kisha akakiegemeza kitambaa shavuni, akafumba macho.

"Mama watoto," alisema. "Kumbe unanijua."

Katibu aliyeyuka. Alikwenda jikoni kuchukua chai akijipongeza, akapanga vikombe, akakata mkate. Aliporudi na birika, ile sufu ilikuwa imelala mezani vipande vipande vya pembetatu.

"Baba watoto! Umefanya nini?"

"Nimeanza kazi. Siku zote nimekosa kijivu cha kuituliza hii nyekundu."

"Ilikuwa suti hiyo!"

Mwenye bucha aliangalia vipande, akamwangalia mkewe. "Suti ya nani?"

"Yako!"

"Niivae wapi? Nikipasua mbavu?"

"Kwenye hafla yetu. Wenzangu ofisini ndio walionisaidia kuchagua."

"Wao wamejuaje kwamba nataka suti?"

"Niliwaambia unapenda vitambaa."

"Sasa si ulisema kweli?" alishangaa mume. "Mbona hukumalizia?"

Laiti mwenye bucha angefoka, Katibu angepata pa kushika. Lakini yeye alikusanya vipande, akavipanga kama karata.

"Basi zawadi ilikuwa ya wenzako," alisema. "Uniwie radhi, nimewakatia kitu chao."

Maneno hayo yalimwingia Katibu barabara. Hakurudi jikoni. Alivuta kiti, akakaa karibu na mumewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu viraka vianze, akamtazama akishona. Ndipo alipoona. Mkasi ulikuwa wa mikono ya wanawake. Kila akitaka kukata, mume alilisokomeza dole gumba lake kwenye tundu kama mtu anayevaa kiatu cha mtoto, na alipomaliza ilibidi alichomoe kwa mkono wa pili, likatoka na pete nyekundu ya alama. Wala hakulalamika. Katibu alikuwa amehesabia aibu kila blanketi lililotoka pale mezani, asiangalie hata mara moja mikono iliyolishona.

Sikukuu ilipopita alikwenda peke yake, bila msindikizaji, kwa fundi chuma aliyewanolea visu vya bucha.

"Nataka mkasi wa vitambaa," alisema, "ila matundu yake yaingie vidole vya mume wangu."

Fundi aliacha kazi. "Vya mwenye bucha? Mama, hayo si matundu, hayo ni vikuku!"

Akautengeneza. Katibu hakuutafutia karatasi ya maua. Aliuleta umefungwa kwenye gazeti. Mwenye bucha alitia dole, likaingia. Akalitoa, likatoka. Akalitia tena. Jioni ile alikata kila kilichokatika, na mkewe akaliokoa pazia la sebuleni likiwa limebaki nusu.

Kazi zilipofunguliwa, Mama Lebo hakungoja hata chai ichemke.

"Haya, tuonyeshe picha ya suti!"

"Hakuna suti," alisema Katibu. "Ameikata viraka. Mume wangu ana bucha. Mchana anakata nyama, jioni anashona mablanketi ya viraka. Ndicho anachokipenda, na mimi niliona haya kuwaambia."

Dada wa mapokezi aliziba mdomo. Mama Lebo alicheka hadi akashika meza. "Viraka! Jamani, tumchangie?"

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkurugenzi, birika mkononi. "Nani anashona viraka?"

Kicheko kilikatika kama umeme. "Mume wangu, mama," alisema Katibu.

"Kwa mkono? Niliwahi kuona blanketi la namna hiyo kwenye hoteli kubwa, limetundikwa ukutani kama picha. Hiyo ni sanaa. Nitaomba kuliona lake." Akajaza maji ya moto, akaondoka.

Maji hayajapoa, Mama Lebo alikwisha kupata sauti. "Si ndicho nilichokuwa nikiwaambia? Sanaa! Hata wangu anashona, tena tangu utotoni. Sisi tu hatupendi kujitangaza."

Wiki haikuisha, na ofisi nzima ikawa imeolewa na washonaji. Neno viraka likafutwa. Likaitwa sanaa ya vitambaa. Mabwana ambao hawakuwahi kujishonea kifungo walisifiwa kwa mishono yao midogo. Katibu aliwasikiliza wote, akanywa chai yake kwa raha.

Jumamosi alikuwa bucha akimsaidia mumewe kupokea pesa alipoingia mwanamume mmoja mwembamba, akasimama pembeni akijifanya anachagua maini hadi wateja wote walipoondoka. Katibu alimtambua kutoka kwenye hafla ya ofisi ya miaka ya nyuma: alikuwa mume wa Mama Lebo.

"Nipimie nusu kilo," alisema. Kisha akainama juu ya kaunta, akanong'ona. "Na samahani, kaka. Mke wangu amewaambia watu kazini kwamba nashona. Mkurugenzi wao anataka kuona. Mimi hata uzi sijui unaingilia upande gani."

Katibu aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mwenye bucha aliweka shoka chini, akamkagua mgeni kuanzia kucha hadi viwiko.

"Mikono umenawa?"

"Nimenawa."

"Nawa tena," alisema. "Mama watoto, mpe shemeji kiti."