Muda wa Sauti Kufika

“Baba, mguu bado unauma?” Kaka aliuliza. Kimya. Akanisukuma mbele. “Na huyu, unamjua ni nani?”

“Unauma kidogo,” Baba akajibu, macho yake kwangu.

Kaka akanivuta ukumbini. Tangu Baba apate kiharusi, alisema, akili zimeruka. Jumamosi angemhamishia kwake, nyumba ifungwe. Baba aliijenga nyumba ile kwa mikono yake, na kumng'oa humo niliona ni kumzika mzima.

Nikarudi kazini nimenuna. Kazi yangu wakati ule ilikuwa viputo, vile vinavyozaliwa ndani ya maji yakitikiswa na sauti kali. Kiputo huvimba, kikanywea kwa kishindo, na kishindo hicho kikawasukuma majirani zake. Nilikuwa nikiviiga kwenye kompyuta, na ili hesabu ziende haraka nilikuwa nimeufuta muda wa sauti kusafiri majini: kila kiputo kilisikia vingine papo hapo. Matokeo yakawa vurugu tupu, hayafanani hata chembe na tuliyoyapima kwenye tangi la maji maabarani. Siku hiyo nikaurudisha ule muda. Haki ya Mungu, vikatulia, vikavutana, vikajikusanya pamoja kama vya kweli.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikashika kichwa. Baba alikuwa amelijibu swali la mguu vizuri kabisa, ila kwa kuchelewa. Sisi ndio tulikuwa tumekimbilia swali lingine.

Jumamosi Kaka alikuja na mabegi. Nikamsihi amuulize Baba mwenyewe, mara moja tu, kisha anyamaze. Akaguna kwamba hayo ni mambo ya wasomi, lakini akapiga magoti kando ya kitanda.

“Baba, unataka ukakae kwangu?”

Kimya. Midomo ya Kaka ikaanza kucheza, nikamfinya mkono. Bomba la jikoni lilikuwa likidondosha maji. Nilitamani kulia, maana nilishaanza kuogopa kwamba nimejidanganya.

“Nibaki hapa,” Baba akasema. “Ila wewe usiache kuja. Nikikuona nafurahi, lakini huwa unaondoka kabla sijakwambia.”

Kaka akalaza kichwa kwenye mkono wa Baba, akakaa hapo hapo. Mimi nikaenda kuyarudisha mabegi garini.