Bibi wa Gauni Jekundu

Asubuhi kichuguu cha nyuma ya jiko kilipoonekana kimevaa gauni, ulimwengu haukutikisika. Wali wa kunata uliendelea kufuka mvuke jikoni, kengele ya bweni ililia kwa sauti yake ya sufuria, na mchwa, viumbe wasio na haja ya mavazi, waliendelea kutafuna mizizi ya mti jirani.

Aliyekivisha ni Kaeo. Alifanya hivyo kwa taadhima kuu, kama mtu anayemtawaza malkia, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Gauni lilikuwa jekundu, zawadi ya shangazi yake wa Bangkok, na lilikuwa likimbana makwapani tangu siku ya kwanza. Kichuguu lilikienea vizuri zaidi.

Chanzo kilikuwa somo la baiolojia. Shule ya bweni ile, nje kidogo ya mji wa Nan, ilikuwa na masomo ya ziada wakati wa likizo ya kiangazi, na katika joto la Aprili Mwalimu Wanida alikuwa amewaambia hivi: "Zamani za kale majani yalichakarisha. Mmoja akageuka, mwenzake hakugeuka. Aliyegeuka aliona upepo tu, mara nyingi. Asiyegeuka, siku moja aliliwa na chui. Sisi sote ni wajukuu wa waliogeuka. Ndiyo maana tunaona macho pasipo na macho."

"Basi mimi ukoo wangu ni wa chui," alisema Kaeo, na darasa likacheka.

Jioni ile ile alilitoa gauni sandukuni.

Kesho yake palikuwa na chupa ya soda nyekundu mbele ya kichuguu, imefunguliwa na kutiwa mrija, kwa kuwa mizimu, kama watoto, haipendi kuhangaika na vizibo. Kisha ukaja udi. Yakaja mashada ya asumini. Kabla wiki haijaisha, kichuguu kilikuwa na jina, Bibi wa Gauni Jekundu, na pia historia: alizama mtoni akimsubiri mchumba. Mlinzi wa lango aliapa kwamba amemwona akichana nywele.

"Mchumba mwenyewe anaitwa nani?" aliuliza Pui, aliyelala kitanda cha jirani.

"Subiri. Kufikia Jumatatu watakuwa na picha ya harusi."

Kaeo hakuwahi kuwa na likizo tamu kama ile. Kila akipita aliunganisha viganja na kuinamisha kichwa kwa uso mkavu, akihesabu moyoni wapumbavu wapya. Imani, alimwambia Pui, ni kama ukungu wa mkate: ipe unyevu na giza, haitakuomba ruhusa.

Utamu ulikatika jikoni. Mpishi, Mama Mkubwa Lamduan, alikuwa akikatakata mchaichai huku akitabasamu peke yake, na Mama Mkubwa Lamduan hakuwa mtu wa kutabasamu mwezi ule. Mwanawe wa pekee, Mot, alikuwa ametimiza umri wa kura ya jeshi. Anayejitolea hutumikia mwaka mmoja. Anayetegemea bahati hutia mkono katika sanduku: kadi nyeusi, anarudi nyumbani; nyekundu, miaka miwili, na kule mpakani risasi hazikuwa hadithi. Mot alikuwa ameamua kujitolea.

"Nimemkataza," alisema Mama Mkubwa. "Akatie mkono. Bibi atampa nyeusi."

"Bibi gani?"

"We nawe. Si huyo wa nyuma ya jiko."

Kaeo akasogea karibu. "Mama Mkubwa, yule na Mot wanahusiana nini?"

"Anakaa na mchwa. Mwanangu jina lake nini? Mot, yaani sisimizi. Mchwa na sisimizi si ndugu hao?"

"Sisimizi huwala mchwa, Mama Mkubwa."

"Ndugu wangapi hawalani?"

Kaeo akavuta pumzi. "Lile gauni ni langu. Nimekivisha mimi. Ulikuwa utani."

Kisu hakikusimama. "Najua ni lako. Nani alilifua ulipolimwagia mchuzi? Doa bado lipo kifuani. Sasa niambie: wasichana wote hawa, kwa nini wewe? Na vichuguu vyote vile, kwa nini kile? Unadhani mkono ulikuwa wako?"

Ukibomoa mlango wa kichuguu, mchwa huuziba kwa udongo ule ule ulioubomoa. Kaeo alisoma hivyo kitabuni. Hakujua kwamba wanawake wapishi nao huweza.

Akamwendea Mot, aliyekuwa akishusha magunia ya mchele. "Kaka, jitolee. Pale hakuna kitu."

"Najua hakuna."

"Sasa?"

"Sasa mama analala usingizi. Nikamwamshe?" Akabeba gunia jingine begani. "Halafu pengine..."

"Pengine nini?"

"Pengine basi."

Siku ya kura ukumbi wa wilaya ulijaa vijana walioacha vifua wazi na mama walioshika hirizi. Mama Mkubwa alimkalisha Kaeo ubavuni, akamshika mkono kama mtu anayeshika funguo. Mot akatia mkono sandukuni. Askari akaifungua kadi na kusoma kwenye kipaza sauti.

"Nyekundu."

Vijana waliobaki kwenye foleni walishangilia, maana nyekundu moja ilikuwa imepungua.

Njiani kurudi Kaeo alisubiri, kwa aibu, imani ife. Ilikuwa lazima ife. Hata kuku angeona.

"Tumekosea," alisema Mama Mkubwa.

Kaeo akatikisa kichwa kukubali.

"Amevaa nyekundu. Tumemnywesha nyekundu. Tulitegemea atoe rangi gani?" Akampapasa Kaeo goti. "Usijilaumu, mwanangu. Hukujua."

Jioni, kabla ya kengele ya chakula, Kaeo alikwenda nyuma ya jiko kulivua lile gauni. Vifungo vilikuwa vimeshikana kwa utomvu wa mashada. Akakumbuka sanduku lake siku ile: juu kabisa ilikuwapo sketi nyeusi aliyoivaa mazishini kwa babu. Mkono wake uliigusa kwanza. Kisha ukaisogeza kando.

*Ningaliichukua ile...*

Akasita, kama mtu aliyefunua kitabu chake kipya akakuta mchwa ndani. Udongo na mate ya mchwa, alijiambia. Udongo na mate. Akafungua kifungo cha pili.

Nyuma yake majani makavu yakachakarisha. Ulikuwa upepo. Alijua ni upepo. Angeweza kuliandika jibu hilo kwenye mtihani na kupata alama zote.

Aligeuka.